Mgeni wa baiskeli aliuliza hospitali iko wapi (Sehemu ya 7)

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba wachache mnaosoma kimya kimya bila kusema kitu, niliahidi leo tuzungumzie kunyonyesha pale mama anaporudi kazini. Samahani, hiyo itasubiri wiki ijayo. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu nilipoenda nyumbani likizo ya mwezi wa sita, na nisipoliandika sasa nitaliacha kabisa.

Nyumbani kwetu ni kijiji kimoja kule kati ya Haydom na Basotu. Anayeijua njia ile anaielewa: barabara ya vumbi, mahindi, mbaazi, ngano, ng'ombe wa Wadatoga wanakatiza wanavyotaka wao, na mbele yako Mlima Hanang umekaa kama mzee aliyejifunika shuka. Magari ni machache. Saa nane mchana kijiji kimetulia mpaka unasikia kuku wanavyoparua.

Basi saa nane hiyo ndipo akatokea mama mmoja wa Kizungu juu ya baiskeli. Peke yake. Umri wake naona unakaribia wa mama yangu mzazi. Mifuko imefungwa mbele na nyuma, uso mwekundu, vumbi mpaka kwenye kope. Akashuka pale kwenye mti mkubwa karibu na duka, akaegesha baiskeli, akakaa chini kwenye gogo.

Watu wa namna hii si wageni sana mkoani kwetu. Kuna msafara maarufu unaitwa Tour d'Afrique, ulianza mwaka 2003, unatoka Cairo mpaka Cape Town, kilomita kama 12,000 kwa miezi minne hivi, na huku kwetu Manyara wanapita Babati kwenda Kondoa na Dodoma. Hao wanakwenda kundi zima, wana magari ya mizigo na watu wa kuwapikia. Lakini wapo wanaosafiri wenyewe, na hao wengine wanayakimbia malori ya barabara kubwa. Wanapinda Karatu, wanapanda Mbulu, wanapita Dongobesh na Haydom, halafu Basotu, wanakuja kuikuta lami Katesh kwenye barabara ya Babati kwenda Singida. Mama huyu alikuwa mmoja wao. Asubuhi alitoka Dongobesh.

Mnajua kilichofuata. Dakika tano haziishi, watoto thelathini. "Mzungu! Mzungu! Pipi!" Hapa nisimame kidogo nigombe, maana ndiyo kazi yangu. Mama mwenzangu, mtoto wako akimkimbilia baiskeli barabarani, ipo siku atamkimbilia mwingine na nyuma yake kuna lori. Huku vumbini magari ni machache, lakini pale Katesh na vijiji vya kwenye lami malori hayachezi. Nimepokea watoto waliogongwa. Mfundishe kukaa upande wa nyumba, apunge mkono, asalimie. Inatosha. Na pipi za mgeni hatuzihitaji, meno yenyewe ya huku kwetu na maji yetu ya floraidi tunayajua. Haya, turudi.

Vijana wa bodaboda wakamzunguka. Wakamwambia Basotu ni hapo tu, twende, ukifika kuna gesti, kuna ziwa, kuna viboko. "Hapo tu" ya kwetu mnaijua! Mimi nilizaliwa njia ile na bado "hapo tu" inanidanganya. Yule mama akatoa kidaftari, akaangalia, akaangalia jua, akajishika goti. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Hapana. Leo, hapa. Lala hapa."

Vijana wakacheka. Mmoja akasema ameshindwa.

Mi nilikuwa nimekaa mlangoni kwa mama nachambua maharage. Nikaitwa kwa sababu ndiye "daktari" na ninajua Kiingereza kidogo. Nikamsalimia, nikamwambia tutampeleka kwa mwenyekiti ajiandikishe kwa mtendaji, ndio utaratibu wa mgeni anayelala kijijini, kisha tutamtafutia pa kulala. Akashukuru. Nikamuuliza anataka nini kwanza, chai au chakula. Jamani, hakutaja chai wala chakula. Aliniuliza: "Kutoka hapa, hospitali iko wapi? Kilomita ngapi? Usiku kuna gari?"

Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi hata kidogo. Huwa anauliza kila mahali anapolala, kabla hajafungua hema. Akanionyesha kile kidaftari. Kila kituo kina mstari wake: maji yako wapi, duka liko wapi, hospitali au zahanati iko wapi, nani ana gari au pikipiki, namba yake ya simu.

Nikamjibu. Nikamtajia Haydom, ile hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wanorwe mwaka 1955, na nikamtajia kituo cha afya cha jirani. Akaandika. Nami nikasimama pale nikiwa na maharage mkononi, moyo unanidunda, kwa sababu gogo alilokalia ndilo gogo ambalo mwaka juzi alilazwa wifi yangu.

Sijawahi kuwasimulia hili humu. Nimeandika sehemu sita nawafundisha mambo ya kliniki, na hili nimelikwepa.

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu mkubwa. Ilikuwa mimba yake ya nne. Watatu wa kwanza walitoka salama, mmoja kati yao alizaliwa nyumbani kabla hata mkunga hajafika. Kwa hiyo sote tulitulia. Mimi kila Jumapili nampigia simu: unaendeleaje, mtoto anacheza, umekunywa vidonge vya damu, kliniki umeenda? Anajibu vizuri, kliniki alikuwa haikosi. Nafurahi, nakata simu.

Uchungu ukamshika usiku, masika, mwezi wa nne. Mnaijua ile ardhi nyeusi ya mbugani ikinyeshewa. Inashika gurudumu kama ulezi uliosongwa. Kaka akatoka usiku kutafuta bodaboda, wa kwanza simu imezimwa, wa pili alikuja akanasa mita mia mbili kutoka nyumbani. Wakarudi. Wakamtoa wifi wakamlaza pale kwenye gogo chini ya mti, wamemfunika turubai, wakisubiri mkokoteni wa ng'ombe wa jirani. Na pesa ikawa inatafutwa saa hiyo hiyo. Na mama yangu anatafuta kanga safi gizani. Na nani abaki na watoto? Mpaka wamefika kituoni zimepita saa nne na zaidi.

Mtoto alitoka bila kupumua. Hawakuweza kumrudisha. Alikuwa wa kiume.

Wifi yupo, namshukuru Mungu. Lakini kwa muda mrefu nilikuwa natafuta wa kumlaumu. Nimelaumu barabara, nimelaumu mvua, nimemlaumu yule wa bodaboda aliyezima simu. Mpaka siku ile ninaulizwa na mtu mzima kabisa, haumwi chochote, hana mimba, "hospitali kilomita ngapi, usiku kuna gari?" Miezi tisa nilimuuliza wifi yangu anaendeleaje. Sikumuuliza hata siku moja atakwendaje. Mimi, muuguzi mwenye stashahada.

Chuoni tulifundishwa kuhusu ucheleweshaji wa aina tatu. Ni Thaddeus na Maine walioandika hilo mwaka 1994, na mpaka leo linafundishwa. Kwanza, kuchelewa kuamua kwenda. Pili, kuchelewa kufika. Tatu, kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama zote. Na ule wa pili ukapita mlangoni kwetu nikiwa naujua kwa jina.

Sasa maoni yangu ndiyo haya, na najua baadhi yenu mtanipinga. Mama anayeishi mbali na hospitali hatakiwi kusafiri akiwa na uchungu. Asafiri kabla. Afanye kama yule mama wa baiskeli: asimame mapema, mahali panapofaa, wakati bado ana nguvu na jua bado lipo. Kama nyumbani kwako mpaka pa kujifungulia ni zaidi ya saa moja au mbili kwa usafiri wa kweli, yaani usafiri wa usiku wa masika na sio wa mchana wa kiangazi, basi wiki mbili au tatu kabla ya tarehe ya matarajio uwe umeshahama. Kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au kwenye nyumba ya mama ngojea kama hospitali yako inayo. Wengine mnaiita chigonela. Uliza kliniki mapema, usingoje mwezi wa tisa. Na kama uliwahi kufanyiwa upasuaji, au una mapacha, au mtoto amekaa vibaya, au presha inapanda, usiende kwa hesabu yangu hii. Muulize mhudumu wako, maana huenda ukatakiwa mapema zaidi.

Kwa nini nang'ang'ania hospitali wakati bibi zetu walizaa nyumbani? Kwa sababu ya mambo mawili ambayo hayasubiri mkokoteni. La kwanza ni mtoto asiyepumua. Tunaiita dakika ya dhahabu: mtoto akitoka kimya, anakaushwa, anasisimuliwa, akikataa anasaidiwa kupumua kwa mfuko na kinyago, yote ndani ya dakika moja ya kwanza. Hapo Haydom pamefanyika kazi kubwa ya kuwafundisha wakunga jambo hilo mpaka mafunzo yakasambaa kwenye vituo 30 vya huduma za afya katika mikoa mitano, Manyara ikiwemo, na matokeo yalipotangazwa mwaka 2025 vifo vya akina mama na watoto wachanga vilikuwa vimeshuka sana. Najivunia kwamba kitu hicho kimeanzia kwetu, porini, kama wanavyopaita wa mjini. La pili ni damu baada ya kujifungua. Mama mzima kabisa, amezaa vizuri, anaweza kuondoka ndani ya saa mbili. Saa mbili kwenye tope unafika wapi?

Najua mtakachosema. Nani atabaki na watoto? Nani atakamua? Mume atakula nini? Mama mkwe atasema najidekeza. Haya si maneno madogo, mimi nimeolewa, nayajua. Wifi mwenyewe nilipomwambia alijibu, "Wifi, nikae wiki tatu kwa watu nakula tu bila kazi, si aibu?" Tumefundishwa mwanamke hodari ni yule anayelima mpaka uchungu unamkuta shambani. Tunasifia hivyo misibani na harusini. Vijana wa bodaboda walimcheka yule mama kwamba ameshindwa kwa sababu amesimama saa nane wakati jua lipo. Kesho yake aliamka saa kumi na moja alfajiri, akanywa chai ya maziwa kwetu, akaondoka. Sijui kama hata alichoka.

Ila kuna mwanya hapa ambao lazima niuseme. Yule mama ana pesa, ana pasipoti, amechagua barabara ile mwenyewe na akitaka ataiacha. Wifi hajaichagua. Kwa hiyo simwambii mama yeyote aliyefiwa kwamba alizembea. Ninachosema ni kwamba mgeni tulimpa kila kitu kwa dakika kumi. Mwenyekiti alikuja mwenyewe. Jirani alitoa kitanda. Mwenye pikipiki alimwandikia namba yake bila kuombwa mara mbili, akasema ukiumwa usiku piga, nakuja hata saa nane. Ni kijana yule yule, mwenzangu. Yule wa simu iliyozimwa. Wema upo kijijini kwetu. Kwa mama mwenye mimba hatujawahi kuuita mapema tu, tunauita usiku wa manane, unakuta umelala.

Na nyie akina baba mliokaa kimya, hapa ndio penu. Mimba ikifika miezi saba, tafuta watu wawili wenye chombo, sio mmoja, uzungumze nao uso kwa uso. Bei mkubaliane. Weka pesa kidogo kidogo kwa simu na usiiguse hata pembejeo zikishuka bei. Tafuta ndugu wawili watakaokubali kutoa damu. Na shika namba hii: 115. Ni ya mfumo wa m-mama, unapiga bure, kwa ajili ya dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua ambaye hajatimiza siku 42, na mtoto mchanga wa chini ya siku 28. Wanaangalia kama kuna gari la wagonjwa karibu, na kama hakuna wanamtafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa, na analipwa na mfumo, sio wewe. Usiku ule wa wifi yangu hakuna aliyeipiga. Hata mimi nilipopigiwa nilipiga kelele na kuomba Mungu, namba ikanijia kichwani kesho yake.

Dalili za hatari nimeziandika sehemu ya 3, sizirudii zote. Ila damu, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, maji kutoka kabla ya uchungu, au mtoto kupunguza kucheza: hapo hungoji asubuhi, na hungoji mume arudi mnadani.

Na msiseme hili la njia kukatika ni la bahati mbaya ya mara moja. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Hanang yakafunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 walikufa. Barabara ambayo jioni ilikuwa barabara, asubuhi haikuwepo. Siku kama hiyo pia kuna mwanamke mahali fulani uchungu unamuanza.

Jambo moja la mwisho kuhusu mgeni wetu, kwa sababu lilimuudhi mama yangu. Alipewa maziwa mabichi kwenye kibuyu, akashukuru sana, akayakataa. Maji ya kisimani akayatia kidonge, akasubiri nusu saa huku anaangalia saa. Mama alinuna. Nikamwambia, mama, huyu ana akili. Maziwa yasiyochemshwa huku kwetu yanaleta bruselosisi, homa ile isiyoisha watu wanayoidhania malaria, na kwa mjamzito inaweza kutoa mimba. Na hapo Haydom walishawafuatilia watoto wadogo kwenye utafiti wa kimataifa ulioitwa MAL-ED, wakakuta watoto wengi wana vijidudu vya tumboni hata wasipoharisha, na mtoto wa namna hiyo hakui vizuri. Kidonge cha maji ni pesa ndogo. Chemsha maziwa. Mama amekubali kuchemsha ya wajukuu. Ya kwake anasema amekunywa miaka sitini na mitano hajafa.

Sasa niwape habari. Wifi ana mimba tena, anatarajia mwezi wa kumi na moja. Nimerudi kutoka likizo tumeshaongea na kaka, kwa mara ya kwanza tumeongea kama watu wanaopanga safari. Atakuja kwangu Mbulu mjini mwishoni mwa mwezi wa kumi. Mama amekubali kubaki na watoto, amesema maneno mawili matatu kuhusu wanawake wa siku hizi, halafu akauliza nani atamletea sukari. Yule kijana wa bodaboda ameshapewa taarifa, na wa pili tunaye.

Jana wifi kanipigia kuuliza kama aje na blanketi lake. Nimemwambia aje nalo, Mbulu baridi.

Leo naingia zamu ya usiku, maswali yenu nitayajibu Alhamisi. Mkiandika, nitajieni mnatokea kijiji gani na kutoka hapo hospitali ni saa ngapi usiku wa masika.